Chai tatu, lakini tatu zipi? Ushauri kwa anayejifunza kuhesabu kwa Kijapani

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo mjini Fukuoka, Japani, nilifanya kazi ya muda katika duka dogo la bentoo, yaani chakula kilichopangwa ndani ya kisanduku ambacho mteja huondoka nacho. Siku moja, karibu na saa sita mchana, aliingia fundi wa ujenzi akiwa bado na kofia yake ngumu kichwani, akaagiza bentoo mittsu, yaani tatu, kisha akaongeza: ocha sanbon. Ocha nililijua kuwa ni chai, na san nililijua kuwa ni tatu. Ile bon ya mwisho niliiacha ipite. Nikamimina chai ya moto katika vikombe vitatu, nikavipanga kwenye sinia, nikampelekea kwa mikono miwili na kwa adabu zote nilizofundishwa. Yule bwana akavitazama vikombe, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole taratibu kuelekea friji la vioo lililokuwa nyuma yangu, ambamo chupa za chai baridi zilikuwa zimesimama safu kwa safu. Alitaka chupa tatu za kubeba hadi kazini. Angetaka vikombe, angesema sanbai.

Nimeanza na chai hiyo kwa sababu wanafunzi wengi wa Kijapani ninaokutana nao huyachukulia maneno haya ya kuhesabia, ambayo Wajapani huyaita josuushi nami hapa nitayaita vihesabio, kuwa ni pambo tu, kitu cha kukariri mtihani ukikaribia na kusahau ukishapita. Katika sentensi ya yule fundi kihesabio ndicho kilichobeba habari yote. Hon, ambalo baada ya san hutamkwa bon, huhesabu vitu virefu vyembamba kama chupa, penseli, miavuli, miti na ndizi. Hai, ambalo hapo huwa bai, huhesabu kile kinachojaza chombo, kiwe kikombe, bakuli au kijiko. Neno ocha lenyewe halikubadilika hata kidogo. (Katika makala haya irabu ndefu ninaiandika kwa kuirudia, kama tunavyoandika "kaa".)

Mtu wa kwetu akiniuliza jambo hili lina maana gani, humpeleka kwenye mchele. Hakuna anayesema "mchele mbili". Tunasema punje mbili za mchele, kilo mbili, vibaba viwili. Vilevile tuna doti ya khanga, jora la kitambaa, mkungu na chane ya ndizi, tita la kuni na fungu la dagaa pale sokoni. Tofauti ni kwamba kwetu maneno hayo huitwa pale tu yanapohitajika, kwa kuwa ndizi zinaweza kuwa tatu bila msaada wa neno jingine lolote, ilhali katika Kijapani karibu kila jina lina tabia ya mchele: namba haikai nalo moja kwa moja, ni lazima kuwe na neno la kati. Ukitaka tiketi mbili stesheni unasema kippu o nimai kudasai, ambapo "ni" ni mbili na mai huhesabu vitu bapa kama karatasi, sahani, mashati na stempu. Angalia pia mahali namba ilipokaa. Haikutangulia tiketi, imekuja baada ya tiketi na kijineno o, ikisimama mlangoni pa kitenzi. Wanafunzi wengi hujaribu kuiweka namba mbele, jambo ambalo linawezekana kwa kuongeza no, kama nimai no kippu, lakini mtu anayenunua kitu dirishani hazungumzi hivyo.

Wapo wanaosema kwamba vihesabio ni ngeli za Kijapani. Nami nilijifariji hivyo kwa miezi kadhaa, na ulinganisho huo una ukweli wake, kwa maana mtu aliyekua akisema watu wawili, miti miwili, vitabu viwili na nyumba mbili hawezi kushangaa kwamba namba hubadilika kulingana na kinachohesabiwa. Ila ngeli imo ndani ya neno. Kitabu ni cha KI-VI kikiwa rafuni, kikilowa mvua, na hata kikichanwa vipande, na mtu ambaye hajawahi kukiona atajua namna ya kukipatanisha kwa kusikia tu kiambishi chake. Kihesabio cha Kijapani hakimo ndani ya jina. Mzungumzaji hukitazama kitu kilivyo mbele yake wakati huo, ndipo achague.

Mfano ulionifungua macho ni wa jodari. Akiwa anaogelea baharini, jodari huhesabiwa kwa hiki, kihesabio cha samaki, wadudu na wanyama wadogo. Akishavuliwa na kulazwa kwenye sakafu ya mnada, mrefu na mzito, huwa hon kama gogo. Akikatwa na kuuzwa dukani kama bonge la mstatili lililo tayari kukatwakatwa, bonge hilo ni saku, na vile vipande vyembamba vinavyofika mezani huhesabiwa kwa kire: hitokire, kipande kimoja, futakire, viwili. Samaki ni yuleyule. Ngisi naye ni hiki akiwa hai, lakini kwa muuza samaki huhesabiwa kwa hai, kihesabio kilekile cha vikombe, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mwili wake ni kama chombo kitupu. Sungura, kwa desturi, huhesabiwa kwa kihesabio "wa", pamoja na ndege. Kuna kisa maarufu cha watawa wa Kibudha waliokatazwa nyama ya wanyama wa miguu minne wakadai kwamba masikio ya sungura ni mabawa, nacho ni kisa kitamu ambacho nisingemshauri mtu akitegemee kama historia. Vipande vya toofu, chakula laini cha maharage ya soya, huhesabiwa kwa choo. Naomba radhi, ndivyo linavyotamkwa, na utalizoea.

Sasa matamshi, maana hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Hon, ambacho ni kihesabio cha kawaida kabisa, huenda hivi: ippon, nihon, sanbon, yonhon, gohon, roppon, nanahon, happon, kyuuhon, juppon. Mara ya kwanza orodha hiyo huonekana kama imechezewa na mtoto, lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba wakorofi ni watano tu. Moja, sita, nane na kumi huikaza sauti inayofuata, tatu huilainisha, waliobaki hawaigusi. Sababu iko katika historia. Namba hizi Wajapani walizichukua kutoka Kichina zikiwa na konsonanti mwishoni: ichi (moja) na hachi (nane) zilikuwa na t, roku (sita) ilikuwa na k, na juu (kumi) ilikuwa na p. Tena h ya Kijapani cha leo katika maneno kama haya ilikuwa p hapo zamani. Kwa hiyo ippon si upotovu wa ichi na hon. Ni mahali ambapo matamshi ya kale yamehifadhiwa, wakati kwingineko yamekwisha kupotea.

Msomaji wa Kiswahili ana mitaji miwili hapa ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wengine haviwezi kumtajia. Wa kwanza ni sauti ya pua. Sisi hatusemi nyumba wili bali nyumba mbili, wala kamba refu bali kamba ndefu, na ulimi ukiwa zaidi ya mmoja ni ndimi; n inapokaribia sauti nyingine huigeuza, na hakuna aliyetufundisha hilo darasani kabla ya kulisema. San inayoigeuza hon kuwa bon inafanya kazi ya namna hiyohiyo, na hata n yake husikika kama m: sambon. Wa pili ni ule mkazo wa konsonanti katika ippon na issatsu (kitabu kimoja). Kiswahili chetu hakiutumii, lakini yeyote aliyekaa chuoni akijifunza Kurani anaijua shada, na akielezwa kwamba hapo pana shada juu ya p, ataitamka sawasawa mara ya kwanza. Mwenzangu mmoja wa darasani, mtu wa Pemba, hakuwahi kusahihishwa kwenye jambo hili, wakati sisi wengine tuliambiwa turudie hadi midomo ikachoka.

Ushauri wangu kuhusu mpangilio wa kujifunza ni huu. Usianze na orodha ndefu. Vihesabio vipo mamia, na Wajapani wenyewe huvisahau vile vya nadra. Anza na tsu, ambayo si ya Kichina bali ni hesabu ya Kijapani asilia: hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu, itsutsu, muttsu, nanatsu, yattsu, kokonotsu, na kumi ambayo ni too, bila tsu. Hiyo hutumika kwa vitu visivyo na umbo maalumu, na hukuokoa pale ambapo kihesabio sahihi kimekukwama kooni. Yule fundi aliagiza bentoo mittsu, wala hakuna aliyemwona mshamba. Mipaka yake ni miwili: huishia kwenye kumi, na haihesabu watu. Watu wana chao, nin, nacho huanza kwa ukaidi, hitori na futari, ndipo sannin, yonin na kuendelea. Ukiingia mgahawani utaulizwa nanmei-sama desu ka, yaani mko wangapi, kwa kihesabio cha heshima mei, lakini wewe jibu futari desu. Heshima hiyo ni ya kukupa wewe, si ya kujipa mwenyewe.

Mchanganyiko huo wa hesabu mbili, ya asili na ya kuja, usikusumbue sana. Tunasema watu watano, kisha watu sita, watu saba, halafu watu wanane, kisha watu tisa, kwa sababu sita, saba na tisa zilitoka Kiarabu na hazikubali kiambishi. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulalamika juu ya hilo kama sisi tunavyolalamika juu ya hitori.

Baada ya tsu na nin, chukua mai, ambayo haibadiliki popote na kwa hiyo ni ya kupumzikia. Halafu hon, kwa sababu ukiimudu umemudu sehemu kubwa ya matatizo ya h. Kisha hai, ko ya vitu vidogo vya bonge, dai ya mashine na magari, na satsu ya vitabu. Hapo kwenye satsu kuna mtego: neno la Kijapani la kitabu ni hon, herufi ileile ya kihesabio, na bado vitabu havihesabiwi kwa hon. Vitabu vitatu ni hon o sansatsu. Tena penseli mbili ni enpitsu o nihon, na Nihon ni Japani yenyewe. Kinachotofautisha ni mpando wa sauti. Hon itakushangaza zaidi utakapoisikia ikihesabu simu zilizopigwa, filamu na hata safari za treni, vitu ambavyo havina urefu wa kushikika, isipokuwa ukifikiria kwamba kila kimoja ni kama uzi unaotoka hapa kwenda pale. Anayefuatilia judo amekwisha kuisikia: ile ippon inayomaliza pambano ni hiyohiyo.

Mimi sikujifunza haya kwa kadi za kukariri. Mama mwenye duka, baada ya kisa cha chai, alianza kuniwekea vitu juu ya kaunta kila jioni tulipokuwa tukifunga: vijiti vya kulia, mifuko, chupa, mayai. Hakunitajia jina la kihesabio. Alisema tu yoku mite, tazama vizuri, akasubiri. Nilipokosea, alikigeuza kitu mkononi ili nikione upya. Jozi ya vijiti vya kulia ni zen, lakini alipokitenga kijiti kimoja na kukishika wima mbele yangu, nilisema ippon bila kufikiri, naye akazima taa. Fanya vivyo hivyo nyumbani kwako kwa sauti, ukivishika vitu vyenyewe, kuanzia vile unavyonunua kila wiki.

Lipo eneo moja ambalo kutazama hakusaidii, nalo ni tarehe. Siku kumi za mwanzo wa mwezi hutumia hesabu ya asili: tsuitachi, futsuka, mikka, yokka, itsuka, muika, nanoka, yooka, kokonoka, tooka. Tarehe 20 ni hatsuka, na miaka 20 ya umri ni hatachi, neno ambalo miji mingi imelitia kwenye jina la sherehe zake za vijana baada ya umri wa utu uzima kushushwa kutoka 20 hadi 18 tarehe 1 Aprili 2022. Haya yakariri tu, hakuna njia nyingine. Lakini chunga zaidi yokka na yooka, yaani tarehe 4 na tarehe 8. Moja ina irabu fupi na shada kwenye k, nyingine ina irabu ndefu na k ya kawaida, na kwenye simu tofauti hiyo ni nyembamba mno. Niliwahi kupangiwa kusaini mkataba wa chumba yooka, nikafika yokka nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi, na karani wa ofisi ile akafunua daftari lake la miadi akalikuta jina langu siku 4 mbele. Tangu hapo nikitajiwa tarehe huirudia pamoja na siku ya juma, yooka, kayoobi desu ne, tarehe 8, Jumanne, sivyo? Mpaka nisikie hai, ile yenye maana ya ndiyo na si ya vikombe, ndipo ninapoandika, nami huandika kwa tarakimu.