Barua kwa mwanangu: zile kozi tatu

Mwanangu,

Marahaba, maana shikamoo yako ndiyo pekee iliyofika nzima. Baada ya hapo mwendokasi ukaimeza simu, nikaambulia vipande: “Mama, isimu, falsafa ya lugha, taaluma za habari, zote si maneno tu? Nishike ipi? Baba anasema ajira iko kwenye habari.” Meseji ndefu siziwezi kwa macho haya, ndiyo maana unapata karatasi.

Miaka ile nikiwa kwenye katalogi ya maktaba, zile droo za kadi za kutafutia vitabu, kabla ya kompyuta, aliingia mzee mmoja kutoka Kigamboni, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Anataka kitabu cha mirathi. Kijana wa kaunta akavuta droo ya M, akapekua kadi mpaka ya mwisho, akarudia. “Hakuna, mzee wangu.” Mzee akashukuru, akaondoka kuwahi pantoni. Kitabu kilikuwepo, mwanangu. Kadi yake niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwa neno la Kiingereza la wanasheria kama tulivyofundishwa, ikakaa droo ya mbali kabisa na M.

Ndizo taaluma za habari hizo, si za magazeti, ni za kupanga maarifa ili mtu ayapate. Baba yako anaona ajira, wenzako wanaona kufuta vumbi rafuni. Mimi namwona yule mzee. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika kanuni tano mwaka 1931, na ya pili inasema kila msomaji apate kitabu chake. Mzee wangu alikosa chake kwa sababu ya neno moja.

Usidhani kompyuta zimemaliza kesi. Programu nyingi za kutafutia, ukiandika “mkulima”, “wakulima” haiji, na “kilimo” ndiyo usiseme. Zimezaliwa kwenye Kiingereza, ambako neno hubadilika zaidi mkiani, basi zinakata mkia na kuridhika. La kwetu linabadilika na kichwani. Hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ile ya 1981, utamkuta lima kwenye L, mkulima kwenye M, kilimo kwenye K, ndugu wa tumbo moja waliopanga mitaa tofauti. Aliyesoma mofolojia, tawi la isimu (sayansi ya lugha) linalochambua maumbo ya maneno, anauona mzizi -lim- unachungulia kwa wote watatu, na anaweza kumfundisha mwenye kutengeneza programu. Kwa hiyo anayekwambia isimu ni ya ualimu tu, mwache aendelee na safari yake.

Falsafa ya lugha ndiyo uliyoiulizia kwa sauti ya aibu. Tafuta neno “urithi” uone: utaletewa magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 1981, pamoja na ugomvi wa shamba la babu. Jina moja, vitu viwili. Mwanafalsafa Mjerumani, Frege, mwaka 1892 alihangaika na kinyume chake: nyota ya jioni na nyota ya alfajiri, majina mawili, kumbe zote ni Zuhura. Sasa mtu anaweza kujua moja asijue nyingine. Je, amejua nini? Swali hilo limewakosesha watu usingizi mpaka leo. Halafu kuna Austin, mwanafalsafa wa Oxford, aliyesema maneno mengine hayaelezi jambo, yanalifanya. Nilipomsoma nilicheka, maana nilikuwa nimetoka kwenye nikaha ya shangazi yako. Bwana harusi aliposema “nimekubali” hakuwa anatoa taarifa.

Na kwenye rafu za Dewey, ule mfumo wa namba za kupangia vitabu maktaba, falsafa ya lugha iko 401, isimu 410, ukutubi kule 020. Nimesukuma kitoroli kati ya namba hizo miaka na miaka. (Kiingereza kina 420 nzima peke yake, lugha nyingi za Afrika zimebanana ndani ya 496, sisi tukiwa 496.392. Nayo hiyo isome kwa jicho la isimu.)

Jibu langu basi. Shika isimu iwe ndiyo uti wa mgongo, taaluma za habari iwe ya pili, na falsafa ya lugha chukua kozi moja tu, hata kama itakushushia alama. Baba yako mwachie mimi; chai ya jioni inatosha.

Kesho yake baada ya mzee kuondoka niliandika kadi nyingine: “MIRATHI, tazama,” na chini yake lile neno la wanasheria. Nikaichomeka kwenye M. Mzee hakurudi. Kadi zilipokuja kutupwa niliichomoa hiyo moja, nimekuwekea humu kwenye bahasha. Jumamosi ukija pitia Feri, uniletee changu wawili, wasiwe wakubwa.

Mama yako