Miwa ya bondeni na mtambo unaoutaka

Mwanangu mpenzi,

Waalaykumu ssalaam. Sote wazima, na mama yako anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba huko Morisi umekiona kiwanda kidogo kinacholima miwa yake chenyewe, kinaikamua na kuikeneka rum, ile pombe kali inayotolewa kwa mvuke, ukaniuliza kwa nini bonde letu hapa Wete lisifanye kazi hiyo.

Rum sitaikubali, mwanangu. Katika dini yetu halaumiwi mnywaji peke yake. Mkamuaji, mchukuzi na muuzaji wote wamo. Miwa yetu tutaendelea kuiuza ya maji.

Lakini kazi yenyewe nimeipenda. Umesema wengi hukeneka molasi inayobaki kwenye viwanda vya sukari, na hawa hutumia maji mabichi ya miwa, kwa hiyo ukishakatwa muwa hausubiri, la sivyo unachacha. Mwenye shamba akiwa ndiye mwenye mtambo, hakuna cha kulala njiani. Hapo ndipo nilipoyakumbuka makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikichambuliwa.

Unajua msimu ukifika akina mama wanavyokaa mkekani usiku kuchambua. Karafuu tunaipeleka ZSTC, shirika la serikali linaloinunua, na lile rundo la makonyo linaloachwa pembeni lina mafuta kama asilimia 5 au 6 ya uzito wake. Kiwanda cha Wawi, hapahapa Pemba, kinayakeneka, na mtambo wake ni ndugu wa huo uliouona: mvuke, bomba linalopita kwenye maji ya baridi, na chombo cha kupokelea. Kuchachua kama kwa rum hakuna. Mvuke unapenya kwenye makonyo, unatoka na mafuta, ukipoa vinatengana. Na mafuta haya, tofauti na ya nazi, huzama chini, maji yakakaa juu. Ukiyaona yanavyojikusanya chini ya chupa, ya manjano, harufu imejaa nyumba nzima, hutoyasahau.

Usinunue mtambo wa chuma cha kawaida, mafuta ya karafuu yakikigusa hugeuka meusi. Tafuta kisichoshika kutu. Kinachonitia wasiwasi ni kuni, maana moto wake ni wa saa nyingi, na mti wa shamba langu haukatwi kwa ajili hiyo. Fikiria vifuu na makumbi.

Kabla hujatuma pesa popote, niulizie bei ya mtambo mdogo. Mimi nitakwenda Wawi nikaone wanavyofanya, kisha ZSTC nikaulize habari ya ruhusa.

Baba yako