Kaseti ya Zamani Haiwaki, Nyingine Haikumbuki

SWALI: Nimeitoa kabatini Super Nintendo, mashine ya michezo ya video ya utotoni, ili nicheze na wanangu jioni. Kaseti moja haionyeshi picha mpaka niipulize. Nyingine inacheza vizuri, lakini nikizima tu, tunaanza mwanzo. Je, zimekufa?

JIBU: Hazijafa, ila acha kupuliza. Unyevu wa pumzi hutia kutu kwenye meno ya kaseti, yaani vipande vya chuma vinavyogusana na mashine. Kinachosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Chovya pamba ya masikio katika alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno pande zote mbili mpaka pamba itoke safi, kisha iache ikauke kabisa. Msasa usiuguse: utakwangua madini yaliyopakwa juu.

Ya pili imeishiwa betri. Ndani mna betri bapa ya duara aina ya CR2032 ya volti 3, inayolisha kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa. Skrubu za kaseti hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Nunua betri iliyokwisha kuwekewa vibati vya kulehemu, maana kuilehemu betri tupu moja kwa moja huipasha moto na inaweza kupasuka. Kabla hujaitoa ile ya zamani, piga picha uone upande wa chanya na hasi. Kaseti ambayo bado inakumbuka itafuta kila kitu ukiitoa betri, kwa hiyo waulize watoto kwanza wamefika wapi.

Mhusika kwenye skrini akichelewa kuruka mnapobonyeza, mara nyingi kosa ni la runinga mpya: washa hali ya michezo (Game Mode) kwenye mipangilio yake.