Namba ileile, mbona nyuzi za gitaa la besi zimekuwa ngumu?

Nimekuelewa, ndugu. Ulitoa nyuzi za kawaida za namba 45–105 (unene, kwa sehemu za elfu za inchi), ukafunga nyuzi bapa za namba hiyohiyo, sasa vidole vinauma na unahisi muuzaji kakudanganya. Hajakudanganya. Namba hupima unene tu. Mvutano unatokana na uzito wa uzi kwa kila inchi, urefu wake kutoka nati (kiegemeo cha nyuzi kwenye ncha ya shingo) hadi daraja (kiegemeo cha kwenye mwili wa gitaa), na noti unayotyuni. Uzi bapa umezungushiwa utepe badala ya waya wa mviringo, mapengo ni madogo, hivyo unene uleule mara nyingi hubeba chuma kingi zaidi.

Halafu kuna kiini, yaani waya wa ndani. Nyuzi nyingi za siku hizi zina kiini cha pembe sita, ambacho hushika waya wa nje kwa kona zake. Cha mviringo kwa kawaida hupinda kirahisi, mkono unasikia ulaini hata kama mvutano ni sawa. Ukinunua nyuzi za kiini cha mviringo, kunja uzi kwanza ndipo ukate, la sivyo msokoto unafunguka na hela imekwenda.

Mimi ningeanza kwa kutyuni nyuzi zote chini kwa nusu toni: mvutano unapungua kama asilimia 11, bure kabisa. Ukipenda, tafuta seti laini. Thomastik-Infeld Jazz Flats ni laini kuliko bapa nyingi, ila bei yake, mh!

Shingo ya gitaa ikiwa imepinda, usikaze chuma cha ndani yake, kile cha kuinyoosha, kama hujawahi. Mpelekee fundi wa magitaa.