Sindano ya kisukari kwa ng'ombe aliyezaa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Ng'ombe wangu wa maziwa alizaa wiki tatu zilizopita. Alifika lita 18 kwa siku, sasa hata 10 hazifiki. Pumba anazisukuma kwa pua, majani anatafuna kidogo. Amekonda ghafla, na pumzi yake inanukia kama embe lililoiva kupita kiasi. Jirani anasema ni kisukari, tumchome insulini ya mume wangu. Nimemnywesha molasi, sioni nafuu.
Mfugaji, Goba, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mama. Tafadhali sana, sindano ya mzee ibaki kwenye friji. Mgonjwa wa kisukari sukari imemzidi kwenye damu. Ng'ombe wako, kwa dalili hizi, imempungukia. Insulini peke yake itaishusha hata hiyo kidogo iliyobaki, na anaweza kuanguka.

Ninachoshuku ni ketosisi. Lita moja ya maziwa hutumia gramu 70 hivi za glukozi, yaani sukari ya damu, kwa hiyo lita 18 zinamchukulia zaidi ya kilo moja na robo kila siku, na hamu ya kula bado haijarudi. Ng'ombe akishazaa, insulini yake hushuka ili glukozi iende kwenye kiwele, ambacho huichukua bila kuisubiri insulini. Misuli inanyimwa, mafuta ya mwilini yanayeyushwa. Yakiwa mengi ini huzidiwa, likatoa ketoni, kemikali zinazotokana na mafuta hayo. Harufu hiyo ya embe ndiyo ketoni zenyewe.

Pima kesho alfajiri. Nunua duka la dawa vijiti vya kupimia mkojo vyenye alama ya ketoni. Mpapase taratibu chini ya uke mpaka akojoe, kinga kwa kikombe, chovya. Kijiti kikigeuka zambarau, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Atamwekea glukozi kwenye mshipa, kisha propilini glaiko, dawa ya maji ambayo ini huigeuza glukozi, kwa mdomo siku 3 hadi 5. Mwombe akague na kizazi na tumbo, maana mara nyingi ng'ombe huacha kula kwa sababu nyingine kwanza, ketosisi ikafuata.

Molasi acha. Vijidudu vya tumboni huichachusha kabla sukari yake haijafika kwenye damu, na ukimnywesha kwa chupa, kichwa kikiwa juu, inaweza kuingia mapafuni.

Sasa nikuulize: alipokuwa amekaushwa, yaani ameachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, alinenepa? Mabanda mengi ya huku kwetu nakuta ng'ombe mwenye mimba kubwa anapewa ndoo mbili za pumba na machicha kwa upendo, mpaka mbavu hazionekani. Huyo ndiye ninayemhofia kuliko wote. Mimba ijayo, miezi miwili ya mwisho mpe majani zaidi. Pumba zianze kidogo kidogo wiki tatu kabla ya kuzaa.

Kwa sasa mwekee majani mabichi usiku na alfajiri. Mchana wa Dar joto linamkatisha hamu.