Nabii Yunus na Firauni: kwa nini wote wawili wametajwa kwa neno "mulim"?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Katika Suratus-Saffat aya ya 142, Nabii Yunus (a.s.) alimezwa na samaki hali ya kuwa "mulim", mwenye kustahiki lawama. Katika Suratudh-Dhariyat aya ya 40, Firauni naye ametajwa kwa neno hilo hilo. Inakuwaje Mtume na adui wa Allah wakutane hapo? Na je, Muislamu aliyekosa tunaweza kumwita hivyo?

JIBU: Waalaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akuzidishie mazingatio katika kitabu chake.

Mulim ni aliyefanya jambo la kulaumiwa, hata kama hakuna aliyefungua mdomo kumlaumu. Malum ni yule ambaye lawama zinamwelekea. Kwa neno hili la pili Mtume wetu (s.a.w.) alivuliwa lawama, katika Adh-Dhariyat hiyo hiyo, aya ya 54.

Sasa tazama aya zako mbili. Zote zinasema "wahuwa mulim", yaani hali ya kuwa mulim. Ni hali aliyokuwa nayo mtu tukio lilipomkuta, wala si hukumu ya umri wake wote. Yunus aliwaacha watu wake kwa hasira kabla Mola wake hajampa idhini. Firauni alidai yeye ndiye mola mkuu, akawaua watoto wa Bani Israil. Uzito wa makosa hayo haukaribiani hata kidogo, ila kila mmoja alikuwa na la kulaumiwa.

Kilichowatenganisha ni kilichofuata. Yunus aliita kutoka gizani: "La ilaha illa anta, subhanaka, inni kuntu minadh-dhalimin", hapana mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu. Alijilaumu mwenyewe, hakumtupia mtu. Firauni alisubiri mpaka maji yakamfika, ndipo akasema ameamini, akajibiwa: Sasa hivi? Nawe uliasi kabla ya haya! (Yunus, 91). Na kuna jambo linalonigusa kila nikilisoma: Qur'ani imetumia kitendo kimoja, "nabadhna", tulitupa. Firauni na majeshi yake walitupwa baharini. Yunus alitupwa nchi kavu, akiwa mgonjwa, akaoteshewa mmea wa kumfunika, kisha akatumwa kwa watu laki moja au zaidi. Suratul-Qalam aya ya 49 na 50 inabainisha kwamba lau si neema ya Mola wake angetupwa ufukweni akiwa mwenye kushutumiwa, lakini Mola wake alimteua na kumjaalia miongoni mwa watu wema.

Kwa hiyo tunaisoma aya kama ilivyo na kuifasiri, lakini hatumtaji Yunus kwa lawama katika mazungumzo yetu. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba haimpasi mja kusema yeye ni bora kuliko Yunus bin Matta.

Ama ndugu yako aliyekosa, sema kitendo chake kinastahiki lawama, na mnasihi faraghani. Akitubu, usimkumbushe. Nabii Yusuf aliwaambia ndugu zake waliomtupa kisimani: "La tathriba alaykumul-yawm", leo hamna lawama. Isipokuwa kama alichukua mali ya mtu, basi toba yake haitimii mpaka airudishe au asamehewe na mwenyewe.

Wallahu a'lam.