Bendera iliyolala kashani kwa shangazi

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Siku ya uhuru wa nchi ya Kiislamu, Mwislamu atangulize nini, bendera au imani?" Nimelisoma swali hilo mara tatu, na mara zote limenirudisha Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, kwenye kasha la shangazi yangu. Nawajibu kama Mngazija wa Kariakoo, mzaliwa wa hapa hapa. Kama jibu litakwenda kando kidogo, mniwie radhi.

Kwanza msimamo wangu. Nimelelewa nikiamini kwamba dola ya Waislamu isiyomtaja Mungu katika alama zake ni kama nyumba iliyohamiwa bila dua. Wapo wanaoitaja "hubbul watani minal imani", yaani kuipenda nchi ni katika imani, kama hadithi ya Mtume. Wanazuoni wa hadithi wamekwisha kusema si hadithi, na mimi siihitaji. Inanitosha ile aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) akiiambia Makka kwamba ndiyo ardhi aipendayo zaidi, na lau watu wake wasingemtoa, asingetoka. Kwa hiyo la kutanguliza halinisumbui. Linalonisumbua ni jingine: dola ikilichukua jina la Mwenyezi Mungu ikaliweka kwenye kitambaa chake, dhamana ya jina hilo anaibeba nani?

Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Wazee wetu wa Dar wana mkono wao katika siku hiyo, maana MOLINACO, chama cha kwanza kudai ukombozi wa visiwa vile, kilizaliwa hapa mjini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo bendera imebadilishwa mara kadhaa, ila mwezi mwandamo na nyota nne za visiwa vyetu havijatoka: Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore. Mwaka 1996, zama za Rais Mohamed Taki Abdoulkarim, ikaja bendera ya kijani yenye maandishi meupe ya Kiarabu pembeni, Allah pembe moja na Muhammad pembe nyingine. Katiba ya Desemba 2001 ikaleta hii ya sasa ya milia minne, na majina yale mawili yakatoka. Niliumia sana. Nilisema barazani, mbele ya watu wazima, kwamba wamemfuta Mungu ili wawapendeze wafadhili.

Basi Ramadhani ya 2015 nilikwenda kufunga kwa shangazi, mji mmoja wa kaskazini, upande wa Mitsamiouli. Sikukuu ya uhuru ya mwaka ule, miaka 40 kamili, ilituangukia ndani ya mfungo, kumi la pili likielekea kwisha. Shangazi alizaliwa Unguja, akarudi Ngazija baada ya Mapinduzi, na Kiswahili chake kilibaki cha Unguja mpaka mwisho. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu, na ndiye aliyekuwa akipandisha bendera shuleni. Ilipobadilishwa, ile ya kijani akaja nayo nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemwambia aipeleke wapi.

Asubuhi ile mjukuu, mtoto wa miaka 12, alitaka kuitoa akaipeperushe barabarani na wenzake. Mimi nikamuunga mkono. Nikasema kwa sauti, shangazi asikie, kwamba hiyo ndiyo bendera ya kweli ya Waislamu wa visiwa hivi.

Shangazi hakunijibu. Alikwenda kutia udhu. Akarudi, akafungua kasha, harufu ya langilangi ikajaa chumbani. Juu kabisa ilikuwa misahafu miwili, na chini yake bendera, imekunjwa ndani ya kanga nyeupe. Aliitandaza kitandani upande wa mto, akanitazama mimi niliyekaa upande wa miguuni, na miguu yangu imeielekea. Nikaikunja. "Ehe," akasema.

Kisha akanionyesha. Pembe ya kupepea ilikuwa imechakaa, kusi imeila, nyuzi zimeachia hadi herufi moja imebaki nusu. Karibu na mwezi palikuwa na doa la hudhurungi lisilotoka. Kinyesi cha kunguru.

"Mjomba wako akija na hii kila mwisho wa juma," akaanza. Hivyo ndivyo alivyomwita mumewe kila alipozungumza nasi. "Ndoo yake mbali, haikuchanganywa na nguo za watoto. Anaifua mwenyewe, miye hanipi. Maji yake hayamwagi uani, watu wanapita. Anayapeleka mpaka kwenye shina la mlangilangi kule nyuma ya ukuta. Mvua ikinyesha usiku anaamka anakwenda shule, mguu mtupu, anaogopa wamesahau kuishusha. Siku moja kamba ilikatika, ikaanguka uwanjani, watoto wakaikimbilia, mmoja akaikanyaga. Mtoto tu. Mjomba wako hakula siku ile. Unajua alinambia nini zilipokuja habari kuwa majina yanatolewa? Alisema alhamdulillahi, sasa nitalala."

Nikamwuliza, kwa hiyo yeye alifurahi? Akasema yeye alilia kwanza, akafurahi baadaye. Akaikunja upya, kunjo kwa kunjo, majina yakitazama ndani. Mtoto akapewa bendera mpya ya milia minne, ya kiwandani, akatoka nayo mbio. Ikaburuta vumbini tangu mlangoni, na hakuna aliyemkemea.

Najua nimekaa sana kwenye chumba kile. Lakini ni pale nilipoanza kuyapanga mambo niliyoyajua siku zote bila kuyakutanisha. Ali Soilih alipotawala tangu 1975 aliwapiga vita mashekhe na akaidharau mila ya anda, ile harusi kuu ya Kingazija, na wazee wetu hawajamsamehe. Sawa. Lakini nchi ilipata lini jina la Jamhuri ya Shirikisho ya Kiislamu? Ni 1978, baada ya Mfaransa Bob Denard na mamluki wake kumwangusha Soilih na kumrudisha Ahmed Abdallah, rais wa kwanza. Miaka kumi na moja jamhuri yenye Uislamu katika jina lake ililindwa na askari wa kukodiwa wa Kizungu, hadi Abdallah akapigwa risasi Novemba 1989, Denard akiwa mle mle chumbani. Na bendera yenye majina matukufu haikutimiza mwaka kabla Nzuwani haijatangaza kujitenga, Agosti 1997, watu wakipandisha bendera ya Ufaransa. Majina mawili yale yalikuwa yanapepea Moroni, mji mkuu, na hayakuwazuia. Si kazi ya jina la Mungu kuzuia watu waliokosa mishahara.

Halafu ipo Maore. Wale ni Waislamu kama sisi, Mashafii kama sisi, wanasoma maulidi yale yale, na bado kura za Desemba 1974 wengi wao walikataa uhuru, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Ndugu zao wa Nzuwani wanavuka usiku kwa kwasa, vile viboti vidogo, na wengi wameishia baharini tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995. Binti wa mwisho wa shangazi alivuka hivyo. Magharibi ile, tende ikiwa mkononi, shangazi aliviombea visiwa vyote vinne kwa majina, akihesabu kwa vidole. Kidole cha Maore alikishika muda mrefu, mpaka uji ukapoa.

Kwa hiyo, mhariri, nilianza barua hii nikitaka kuwaambia kwamba majina yarudishwe kwenye bendera, na naona siwezi tena. Nadhani yule mwalimu aliijua heshima kuliko mimi niliyepiga kelele barazani. Sisemi dola iwe haina dini. Katiba ya Komoro ya 2018 imeutaja Uislamu wa Kisunni kuwa dini ya taifa, na sina ugomvi na hilo. Wala siwasemei Wapakistani au Wasaudia, wao wana yao. Na yupo atakayeniambia kwamba woga wa kunguru si hoja ya kuliondoa jina la Mungu mahali pa juu. Ana haki, na siku nyingine, nikiikumbuka ile kijani ikipepea, nakubaliana naye.

Shangazi amefariki. Yule mjukuu sasa ni kijana mkubwa, kasha liko kwake, na mwezi uliopita alinipigia simu kuniuliza afanye nini na bendera: aizike, aichome, au aitumbukize baharini kama wanavyofanya wengine kwa kurasa za msahafu zilizochakaa. Nimemwambia asiiguse bila udhu, na asubiri nije.